Siku Niliyoikimbiza Koboko kwa Bastola ya Baba

Mke wangu amenikataza kuisimulia hii habari mbele ya watu, anasema mwalimu wa hesabu hawezi kukiri kitu kama hiki na bado akaheshimiwa darasani, lakini nyinyi ni watu wangu, na afadhali muisikie kwangu kuliko kwa wale wanaotia chumvi (kuna mtu huko sokoni anasema nilipiga mzinga). Haukuwa mzinga. Ilikuwa bastola moja ndogo, kuukuu, na risasi haikuwa nayo hata moja. Na ndiyo, ni mimi niliyeikimbiza Koboko nzima, mji wetu wa mpakani, kuelekea Kongo, saa nne ya asubuhi, jua linawaka na adui hakuna.

Mambo yalianza na filimbi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi, juu ya hesabu, ndiye pia mwalimu wa michezo wa shule yetu ya msingi, na filimbi ya shule ilikuwa imepoteza kile kipunje cha ndani, ukiipuliza inatoa pumzi tu kama mzee anayepoza chai. Mkuu wa shule akanituma Arua kununua nyingine. Nikanunua, mjue hilo, filimbi niliinunua. Ila nikiwa natoka mjini nikapitia kwa mhunzi mmoja wa Manibe anayefua majembe kwa vyuma chakavu, na kwenye rundo lake, katikati ya springi za lori na ekseli za baiskeli, nikaona mpini wa bastola umechomoza, mbao zake zimeoza zote, kutu tupu. Alikuwa anangoja moto ukolee aitie.

"Mwalimu, hii iko chuma tu," akaniambia. "Hakuna kitu inazunguka. Mimi nataka toa jembe ndogo."

Nikamwambia aniuzie vile vile ilivyo.

Mtaniuliza mwalimu anataka bastola ya nini. Nilimtakia baba. Baba yangu, Mzee Khemis, alikuwa fundi wa bunduki jeshini. Si mpiganaji, fundi: kukaa karakana, kufungua, kusafisha, kufunga. Serikali ya wanajeshi ilipoanguka mwaka wa sabini na tisa yeye alikuwa kambini upande wa mbali kabisa wa nchi, sisi tuko Koboko, na mama alitukimbiza Kongo peke yake, watoto wanne, mdogo mgongoni. Baba alitufikia huko karibu mwaka mzima baadaye, mguu mmoja umevimba na maneno yamemwishia mdomoni. Tuliporudi nyumbani, yeye ni kama hakurudi. Alikaa nyuma ya nyumba, upande usioonekana barabarani, kwa sababu miaka ile ukijulikana ulikuwa jeshi la zamani, afadhali ungekuwa mwizi wa kuku. Arusi haendi, msiba haendi, hata Ijumaa anaswali hapo hapo kwenye mkeka wake. Mikono mizuri ile, na kazi haina. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma, na pale kwa mhunzi nilipoitazama ile bastola nilikuwa naiona mikono ya baba.

Na mama naye alikuwa na mzigo wake. Nyumba nyingi za Koboko wakati ule zilikuwa na mzigo nyuma ya mlango, umefungwa tayari: sufuria, blanketi, chumvi, kiberiti. Ukifagia unausogeza, ukimaliza unaurudisha. Hakuna aliyeuzungumzia. Wa mama ulikuwa mzito kuliko wa majirani, na sisi watoto tulikatazwa kuufungua.

(Kabla hamjaniona kichaa: nilipitia polisi kwanza, na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Afande akaikamata ile bastola kwa vidole viwili, akacheka mpaka akakaa, akaniandikia karatasi kwamba ni chuma cha kumbukumbu na isitiwe risasi.)

Nilipoiweka mbele ya baba aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akaipuliza, akapitisha kidole kwenye kutu.

"Nani alitupa hii bila mafuta?"

"Sijui, baba."

"Hiyo mutu hana adabu."

Nilikuwa sijamsikia akimkasirikia mtu tangu Kongo. Nilienda kumwambia mama jikoni na sote wawili tukasimama pale tunatabasamu kama wajinga.

Ilimchukua majuma sita. Aliilaza kwenye mafuta ya taa ndani ya kopo la maziwa, kila asubuhi anaitoa, anajaribu, anairudisha, mpaka siku moja silinda ikakubali kuzunguka. Kutu aliitoa kwa majivu na kitambaa, polepole, kama anayemwogesha mtoto. Springi ya ndani ilikuwa imekatika, akakata nyingine kutoka msumeno mbovu, akaipiga tupa siku tatu. Mbao za mpini alizichonga kwa mti wa mkwaju na kuzisugua kwa mafuta ya simsim hadi zikang'aa. Na akawa anaongea. Mwanzoni na bastola, halafu na mimi.

"Hii iko ya zamani sana," akanionyesha. "Wewe unaweza finya hapa mpaka kesho, haipigi. Lazima vuta nyundo nyuma kwanza, na kidole gumba, kila mara. Inakupa nafasi ya kufikiri."

"Kufikiri nini, baba?"

"Kama kweli unataka."

Mwisho akaziba mtutu wote kwa shaba, akasema hii haiui tena, ukiitia fataki itapiga kelele tu. Hapo ndipo wazo likaniingia. Shule ilikuwa inaandaa siku ya michezo, wazazi wote watakuja, wageni watakuja. Nikasema: baba ndiye ataanzisha mbio. Atasimama mbele ya watu wote na kitu alichokifufua kwa mikono yake, na hakuna atakayemwita tena mutu wa nyuma ya nyumba. Nilipomwambia aliifunga bastola kwenye kitambaa na kuisukuma kando, nikadhani nimeharibu, kumbe alikuwa anawaza jambo lingine.

"Nitavaa nini?" akauliza.

Halafu akanishika mkono. "Lakini waambie watu. Msikitini, kanisani, sokoni. Siku mbili kabla."

"Nitawaambia, baba."

Sikuwaambia. Hapo ndipo penye aibu yangu yote, msitafute pengine. Niliwaza hivi: nikitangaza kwamba mwanajeshi wa zamani atapiga bastola, watu watanung'unika na mkuu wa shule ataogopa na kufuta, lakini wakimwona kwanza, na kanzu yake nyeupe, watampenda. Mkuu wa shule nilimwambia tu kwamba mzee wangu atatusaidia kuanzisha. Kwa hiyo nitatangaza pale pale, kwa kipaza sauti. Mwalimu wa hesabu.

Siku ikafika, Jumamosi, tena siku ya soko, na soko liko ng'ambo ya barabara tu kutoka uwanja wa shule. Baba alivaa kanzu, mama alivaa kitenge kipya na kusimama na wenzake mwisho wa uwanja, upande wa nyumbani, kwa sababu hakutaka aonekane anamtazama mume wake. Wakimbiaji wa mita mia wakajipanga. Nikachukua kipaza sauti kutangaza, betri zikakoroma mara moja zikafa. Walionisikia ni benchi la mbele: mkuu wa shule, mgeni rasmi na mke wake. Nikamtazama baba. Naye akaniuliza kwa macho, umewaambia? Nikaitikia kwa kichwa.

Akavuta nyundo. Akafikiri, nadhani, maana alikaa kidogo. Akapiga.

Kwa kweli ilikuwa kazi nzuri sana, mlio ulikuwa safi. Wakimbiaji waliondoka vizuri na nikawa napiga makofi. Wakafika kwenye utepe, wakaukata, wakaendelea. Nikasema labda wameongeza mwendo, wamezidisha bidii. Halafu nikaona wazazi nao wanakimbia, na ng'ambo ya barabara soko lote limeinuka kwa pamoja, mama wa njugu na karai lake kichwani, fundi cherehani na cherehani yake kifuani, mbuzi wanakokotwa, na hakuna anayepiga kelele hata mmoja. Hicho ndicho kilichonitisha. Watu wa Koboko walikuwa wanajua kukimbia kuliko kitu chochote nilichowahi kufundisha shuleni, na wote walishika njia moja, ya Kongo, bila kuulizana.

Nikafanya nini? Nikakumbuka nina filimbi. Nikawakimbilia kwa nyuma huku nikiipuliza kwa nguvu zangu zote (mpya, ya Arua, inalia vizuri), na wao wakisikia filimbi wakajua askari wako karibu, wakazidisha.

Baba naye akakimbia. Mguu ule mbovu, kanzu ameikusanya kwa mkono mmoja, na kwenye mkono wa pili, jamani, bado ana bastola. Anapiga kelele: "Simama! Iko michezo! Iko michezo tu!" Sasa wewe fikiria unakimbia, unageuka, unaona mzee wa jeshi la zamani anakufuata na bastola, anakwambia ni michezo. Waliokuwa wamechoka walipata nguvu mpya.

Nikamkuta kwenye njia panda ya nyumbani, ametoka kuchungulia ndani, anahema. "Rudi, baba, mguu wako," nikasema.

"Mama yako," akasema. "Mzigo hauko mlangoni."

Hapo ndipo nilielewa kwamba yeye hakuwa anawafuata watu. Mbele yetu, mbali kidogo, nikakiona kile kitenge kipya, na mzigo juu yake, unaenda kwa haraka na bila kuyumba. Baba alimwita kwa jina langu kama siku zote, "Mama Taban!" Hakusikia. Barabara nzima ina akina mama. Ndipo akaita jina lake.

"Zainabu!"

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto na sikuwahi kulisikia jina la mama mdomoni mwa baba. Kwetu mume hamwiti mkewe hivyo mbele ya watu, sembuse barabarani, sembuse kwa sauti ya kusikika sokoni. Baadhi ya watu walisimama kwa mshangao tu. Na mama akasimama, mzigo kichwani, bila kugeuka.

Baba akamfikia. Bastola akaniwekea mkononi bila kunitazama, kama mtu anayempa mwenzake fimbo, akauteremsha ule mzigo kutoka kichwani mwa mama.

"Sabini na tisa sikuwa," akasema. "Leo niko. Leo nabeba mimi."

Fundo lilikuwa la siku nyingi na kitambaa kimechakaa, kikaachia. Sufuria ikaanguka, blanketi, chumvi iliyoganda kama jiwe. Na viatu. Viatu vyeusi vya kutokea, vya baba, alivyoviacha nyumbani siku alipoitwa kambini kwa mara ya mwisho. Mama alikuwa amevibeba kwenda Kongo na kuvirudisha, na miaka yote vilikuwa vinalala nyuma ya mlango, hatua tano kutoka mahali baba alipokuwa anakaa peku.

"Hii ulibeba?" baba akauliza.

"Wewe ulifika na mguu umevimba," mama akasema. "Haungeingia. Nikasema nitangoja."

Baba akakaa chini pale pale barabarani, na kanzu yake nyeupe, na mimi nikageuka upande mwingine nikapuliza filimbi kidogo ili watu wasinione ninavyolia.

Mengine mnayajua. Watu walirudi mmoja mmoja wakinitukana, na mimi nikasimama kwenye njia panda nikiomba radhi kwa kila mmoja kwa jina, na iliendelea mpaka saa nane. Karai la zawadi ya mita mia lilikwenda kwa mama wa njugu, kwa sababu afisa wa forodha wa Kongo mwenyewe alishuhudia kwamba yeye ndiye aliyefika wa kwanza kabisa, na hakumwaga hata njugu moja. Afande aliyeniandikia karatasi alikuja kuichukua bastola. Baba akampa, akamwambia apake mafuta kila mwezi, na afande, badala ya kunifunga, akarudi juma lile lile na kufuli la kituo lililokwama. Baadaye cherehani ilifuata, ile ile iliyokimbizwa, ilikuwa imepinda. Baba akahamisha mkeka wake akaja kukaa mbele ya nyumba, kwa sababu wateja hawawezi kuzunguka nyuma.

Mimi siku hizi naanzisha mbio kwa kushusha leso. Nikiwa na jambo la kutangaza natangaza siku mbili kabla, msikitini, kanisani, sokoni, hata kama ni mkutano wa wazazi tu, na watu wananicheka, na ni haki yao.

Ijumaa iliyofuata baba alivaa vile viatu kwenda msikitini, vinambana, anachechemea, amenyooka. Aliporudi alimkuta mama anafunga mzigo upya kwa kitambaa kipya: sufuria, blanketi, chumvi nyingine. Baba akavua viatu, akavipangusa, akamnyooshea. Mama akavisukuma.

"Hivyo sibebi tena," akasema. "Mwenye miguu iko."