Jongoo Bahari Kwenye Chupa ya Achari

Nilichukuliwa melini kwa sababu kibali cha utafiti kilidai awepo Mkenya mmoja, na aliyepatikana upesi nilikuwa mimi, msichana wa Mji wa Kale mwenye shahada ya viumbe vya bahari na asiye na kazi. Mkuu wa msafara, profesa kutoka ng'ambo, hakunificha hilo. Siku tuliyong'oa nanga Kilindini alinionyesha chekeche la kuchujia tope, akaniambia hapo ndipo mahali pangu.

Miezi minne nikachuja tope. Nilitapika mpaka nikazoea, mikono ikachubuka kwa chumvi, na kila nilichokiokota kilitiwa kwenye chupa za wenyewe. Hadi asubuhi moja, katika tope la kina ambacho jua halijapata kukifikia, nikaona majongoo bahari wawili wa zambarau, wang'avu hata utumbo unaonekana. Mmoja alikuwa amepondeka. Nilipekua vitabu vyote vya melini, hawakuwamo. Profesa naye akapekua, kisha akasema, "Huyu mzima ni wako. Mwandike wewe."

Huwezi kumtangaza kiumbe mpya bila mwili wake, picha hazitoshi. Basi yule jongoo ndiye aliyekuwa safari yangu nzima. Nilimtia katika chupa ya spiriti pamoja na karatasi yenye jina langu, nimeiandika kwa penseli kwa kuwa wino huyeyuka. Nikaifunga chupa kwa leso na kulala nayo ubavuni.

Nyumbani nilikuta majirani wameshauliza ya kuuliza: mwana wa kike, miezi minne, meli ya wanaume! Mama alikuwa akitabasamu na kufunga dirisha. Nami sikumweleza kitu. Nilimwona hataelewa, kiburi cha shule, nakiri. Chupa niliificha kabatini, nyuma ya nguo.

Siku ya tatu nilikwenda Shimanzi kutoa sanduku la vifaa ghalani. Niliporudi adhuhuri, kabati lilinukia udi na chupa haikuwapo.

"Mama, chupa yangu iko wapi?"

Alifunga mlango kwanza. "Nimeimwaga," akasema kwa sauti ya chini. "Tembo, mwanangu? Ndani ya nyumba ya swala? Na mdudu juu yake! Nimesikiya wako watu huitia nyoka wakanywa."

"Na huyo mdudu?"

"Nimemtupa uchochoroni. Hata paka hawakumtaka. Usilie. Hakuna ajuaye, wala sitakuuliza ya huko. Nimekusitiri."

Nilishuka ngazi mbio. Uchochoro ulikuwa umefagiwa, na mkokoteni wa taka umeshapita.

Nilimchukia mama siku nyingi, nasema kweli. Profesa nilimwandikia, akanijibu mistari miwili ya pole. Mwaka uliofuata meli ilirudi kulekule bila mimi, ikapata mwingine, na leo jongoo wangu ana jina la mke wa profesa.

Mama hajui mpaka sasa. Angejua alichokitupa asingejisamehe, nami sina hakika kama ningetaka ajisamehe. Chupa aliiosha mara saba, akatia achari ya ndimu. Kila mchana hunisogezea, nami hula.