Friji la Gesare na Sabato

Watu wa Keroka walijua Gesare hauzi aiskrimu, ingawa friji lake lilikuwa la aiskrimu. Ndani, kwenye sanduku jeusi lisilopitisha mwanga, mlikuwa na vibao vya silikoni vyembamba kama ukucha. Puto kubwa lingevibeba juu kuliko ndege, kwenye baridi, vikapime miale itokayo mbali kupita nyota. Gesare alipewa na chuo chake kazi ya kuvionjesha baridi hiyo wiki nzima mfululizo, aone kama vitatoa ishara za uongo. Umeme ukizimwa, kazi inaanza upya.

Ijumaa ya kwanza jua lilipozama, Mogire, baba yake mdogo, mwenye chumba lilimowekwa friji hilo na mzee wa kanisa la Waadventista, aliingia na ufunguo wake akazima kila swichi. Kesho yake hata hakuficha.

"Nimekuokoa, mwanangu. Chombo chako kilikuwa kinafanya kazi Sabato."

Gesare alikasirika. Muda uliobaki kabla ya puto kurushwa ulitosha jaribio moja tu, na kibao kisichopimwa hakipandi puto. Jioni, Sabato ilipokwisha, akawasha tena. Tena akabadilisha kufuli, na ufunguo mpya hakumpa mtu.

Habari za friji linalofanya kazi Sabato zikafika kanisani. Ijumaa iliyofuata Mogire akamkuta ameketi mlangoni, amekwisha oga, Biblia mapajani.

"Fungua nizime."

"Sifungui, baba mdogo. Ng'ombe wako wanatoa maziwa Sabato, nawe unakamua. Migomba yako haijawahi kupumzika. Hiyo miale inashuka usiku na mchana, na aliyeituma hakuniuliza ni siku gani. Mimi sijagusa kitu tangu jua lizame. Nimeketi tu."

"Wazee wamekubaliana. Likiwaka mpaka asubuhi, jina lako litasomwa mbele ya waumini wote kuwa umevunja Sabato."

Hilo lilimchoma. Kanisani humo ndimo alimobatizwa, na mama yake Esnah angeaibika mbele ya wenzake. Nyuma yake friji liliendelea kunguruma.

"Basi lisomwe," akasema. "Nitakaa benchi la mbele, nisikie vizuri."

Asubuhi akavaa gauni jeupe, akatia ufunguo kifuani, akaenda kukaa mbele.