Kula Kwanza, Mama Rehema

Harufu ya samli ya moto ikimwagwa juu ya mkate mkavu wa ngano huwatia wengine njaa. Mimi hunitia hofu. Juzi jirani yangu wa ghorofa ya chini alikuwa anapika, harufu ikapanda kwenye korido ikaingia kwangu bila hodi, nami nikaacha nguo nilizokuwa nakunja nikakaa kitako juu ya kitanda. Mume wangu akaniuliza kulikoni. Nikamwambia hakuna kitu. Ndiyo maana nawaambia ninyi.

Nilikuwa na miaka kumi, mtoto pekee, tena mlafi, sifichi. Tulikaa ughaibuni, Scarborough, ghorofa ya kumi na moja, kwenye jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi siku ilipojisikia. Baba alipanga mizigo kwenye ghala, mama alihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wote wawili walitoka Muheza, na ndani ya nyumba tulisema Kiswahili. Yaani wao walisema, mimi nikajibu Kiingereza, mama akanikaripia, tukaendelea.

Huko kazini mama alikuwa na shoga yake, Kamla, Mhindi wa Rajasthan, sehemu ya jangwa. Kamla alimjaza mama masikio kuhusu mkahawa mmoja unaopika chakula cha kwao hasa, mikate ya duara iliyookwa mpaka ikawa migumu, ikavunjwa kwa mkono na kuzamishwa kwenye samli, na dengu, na maharage ya porini yasiyohitaji mvua. Hakuna nyama hata chembe, kwa hiyo mama hakuwa na wasiwasi wa kuuliza imechinjwa vipi. Mwaka mzima alimwomba baba atupeleke. Mwaka mzima baba alijibu Inshallah, na Inshallah ya baba mngeijua msingengoja hata chai.

Kabla sijafika mbali, kuna jambo lazima mlijue. Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa na njaa. Akishaambiwa hatakula, pengine siku tatu, na kilio kinataka nguvu. Nililiona kwa macho yangu. Mzee Shabani wa ghorofa ya nne alipofiwa na ndugu yake huko Pangani, mama alipika pilau, akaishusha kwa ngazi, mimi nyuma yake nimebeba soda. Mzee akashangaa, leo kuna nini? Mama akamwambia, kula kwanza. Alikula, akasifu, akaongeza. Alipokwisha kunawa, wanaume waliokuwa wamekaa kimya pale sebuleni wakasogea. Tangu siku hiyo maneno hayo mawili yalinitisha kuliko mbwa.

Basi Jumamosi moja ya baridi kali, mama yuko kazini tangu alfajiri, mjomba Salimu alipiga simu. Baba alikuwa na tabia ya kuweka simu kwenye spika na kuendelea na shughuli zake. Alikuwa anakaanga mayai. Mjomba akasema Bibi, mama yao yeye na mama yangu, amefariki alfajiri ya kule, na alasiri wameshamzika. Watu wote ameshawakataza wasimpigie dada yake mpaka baba aseme. Baba akazima jiko. Alisimama pale na mwiko mkononi, na alipogeuka alinikuta mlangoni.

“Rehema,” alisema, “usimwambie mama yako neno lolote mpaka ale.”

Nikasema sawa. Mtoto wa miaka kumi angesema nini? Bibi nilimjua kwa sauti tu, sauti ya simu iliyoniuliza kila mara kama nimeshakula. Sikulia. Nilichokiogopa ni uso wa mama.

Saa nane tulikuwa nje ya geti la kazini kwake, mimi na baba, tumevaa viatu vya Idi. Mama alipotoka alisimama. Akatutazama, kwanza baba, halafu mimi, halafu baba tena. Baba akasema leo tunakwenda kwenye ule mkahawa wa kina Kamla. Nikadhani mama atauliza kwa nini leo, kwa nini bila taarifa. Hakuuliza. Alifunga kitufe cha juu cha koti lake, akasema haya, twendeni, na kwenye basi alikaa amenishika mkono kama nilipokuwa darasa la kwanza.

Mkahawa ulikuwa ndani ya plaza, kati ya dobi na fundi wa matairi. Ndani kulikuwa na joto, na harufu ile. Aliyetuhudumia alikuwa mzee mwenye kilemba chekundu na masharubu aliyoyapenda mwenyewe, ungejua kwa jinsi alivyoyashika. Hakuleta orodha ya vyakula. Alileta masinia matatu ya chuma yenye vibakuli pembeni, akavunja ile mikate ya duara kwa vidole vyake mbele yetu, akamwaga samli mpaka nikasikia baba akiguna. Akatueleza kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba kwao mgeni huombwa kula, huombwa tena, na mwenyeji asiyeomba ameaibika. Ukitosheka, alisema, funika sinia kwa mkono. Bila hivyo mimi sitaacha.

Sasa jamani, sisi tulilelewa kwamba kuacha chakula ni kufuru. Sinia lilifutwa mpaka likang'ara. Na kwa yule mzee, sinia linalong'ara lilikuwa mwito. Alikuja. Akaongeza dengu, akaongeza maharage ya jangwani yenye uchachu, akaongeza vipande vya unga wa dengu kwenye mchuzi wa mtindi. “Kimoja tu, dada, kwa ajili yangu,” alimwambia mama, ameinama, na mama aliyejua kumkatalia kila muuzaji wa Scarborough akashindwa. Tukafuta. Akaja. Meza ya jirani watoto walishafunika masinia yao wakawa wanacheza na simu.

Ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Baba alisema mpaka ale. Hajasema mpaka ale kiasi gani. Basi chakula kikiendelea kuja, mama ataendelea kula, na akiendelea kula hataambiwa. Niliinamia sinia langu kwa bidii niliyokuwa sijawahi kuiweka hata kwenye hesabu. Nilikula ili yule mzee asipate sababu ya kuondoka kwenye meza yetu. Nilikula mkate wa tatu, wa nne. Kuna unga mtamu walioutengeneza kwa mikate hiyohiyo, wameisaga wakaichanganya na sukari na samli. Niliula mpaka meno yakauma.

Na mama, masikini, alikuwa mchangamfu. Alisema mama yake angekuwa hapa angeuliza mkate gani huu mgumu kama kokoto, kisha angekula minne. Alisema makaratasi ya kumleta yamebaki kidogo, kiangazi lazima aje, atalala na Rehema chumba kimoja, amfundishe huyu mtoto Kiswahili maana sisi tumeshindwa. Alisema kesho akimpigia atamsimulia habari za kilemba chekundu. Baba alisimama akasema anakwenda kunawa. Alikuwa bado hajamaliza mkate wake wa kwanza.

Tukabaki wawili. Maneno yalinijaa mdomoni. Nilifikiri, nikisema mimi pengine litakuwa dogo, maana mimi mwenyewe ni mdogo. Nilifungua kinywa. Mama akavunja kipande cha mkate, akakichovya, akakiweka kwenye sinia langu.

“Kula, mwanangu,” alisema. “Usiseme kitu.”

Nikala. Tumbo lilikuwa ngoma. Baba aliporudi, macho mekundu, nikalalamika kwamba tumbo linaniuma, na mama akacheka akasema msiba wa kujitakia hauna kilio. Akalisema hivyohivyo, neno analosema kila siku nikivimbiwa, nikianguka na baiskeli, nikichelewa shule. Baba aligeuka akatazama dirishani. Mimi nikatazama yule mzee na kumwomba moyoni aje haraka.

Alikuja, akaongeza. Mama akala. Akaja tena, na wali safari hii, akisema wali ndio wa mwisho na mgeni hawezi kuukataa. Mama akaula punje kwa punje. Nilikuwa sijawahi kumwona akila polepole vile. Nyumbani alikula amesimama, mkono mmoja kwenye sufuria. Watu wa meza ya jirani wakaondoka. Wengine wakaja wakakaa mahali pao, wakala, na wao wakaondoka. Mimi sikuweza tena. Nilijaribu kushika mkate mkono ukakataa, na nikaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu yakidondokea kwenye dengu. Nilijua nimeshindwa.

Mama alinitazama. Alifuta vidole vyake kimoja kimoja, akaweka kiganja juu ya sinia lake. Mzee wa kilemba akacheka, akasema leo amepata mlaji, akarudi jikoni.

“Nimeshiba, Baba Rehema,” mama alisema. “Haya, niambie.”

Baba akamwambia. Alimwambia yote, alfajiri, alasiri, mjomba Salimu, kila kitu. Mama alisema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Akauliza nani aliyemwosha. Baba akataja majina ya mama wadogo wawili. Akauliza kama mvua ilinyesha makaburini. Baba hakujua. Basi akavuta mtandio ukafunika uso, na mabega yakaanza kutikisika. Yule mzee alitoka jikoni na bakuli jingine, akaona, akalirudisha. Alirudi na maji ya vuguvugu na taulo, akasimama pembeni ya meza yetu mpaka mama alipotoa mikono akanawa.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia baba. Nilimwona mwoga, mtu aliyempeleka mke wake kucheka mbele za watu huku mama yake yuko kaburini. Nilijikasirikia na mimi, maana nilijua nikanyamaza. Niliona tulimdanganya sisi wawili, na kila alipocheka pale mezani kulikuwa ni kosa letu.

Ramadhani iliyopita nilikuwa jikoni kwa mama tunachambua mchele wa futari, na nikamwomba radhi. Mama alinitazama kama hajui ninachosema. Nilipomweleza, aliweka ungo chini.

“Mimi nilijua tangu getini,” alisema. “Baba yako na viatu vya Idi, wewe hunitazami usoni. Hata nilipofiwa na baba yangu, mashangazi walinilisha hivyohivyo, wali na nazi, nikijua. Nani anayepelekwa mkahawani ghafla vile kwa jambo la heri?”

Nilimuuliza, kama alijua, zile hadithi za Bibi kuja kiangazi zilikuwa za nini. Kicheko kile kilikuwa cha nini. Na yule mzee alisema wazi funika sinia, nawe ulikula zaidi ya saa nzima. Mbona hukumuuliza tu baba?

Mama aliuchukua ungo wake tena, akaupepeta kidogo, akatoa jiwe.

“Ningemuuliza, angenijibu.”

Tuliendelea kuchambua mchele. Nilikuwa nimedhani ni mimi, kwa tumbo langu dogo la miaka kumi, niliyemzuilia Bibi mlangoni siku ile ili asiondoke. Kumbe mama alikuwa upande wa pili wa meza anavuta kamba hiyohiyo, naye aliiachia mkono aliponiona nalia.