Ufunguo wa Mbuzi, Kufuli la Mtu

Krrii, krrii, kimya kidogo, halafu krrii tena. Hiyo ilikuwa sauti ya printa kwenye chumba cha daktari, Garissa, mwaka ule baada ya mvua kubwa. Karatasi zilitoka zimeungana, zina vitobo pembeni, na kazi yangu ilikuwa kuzipokea zisianguke. Mpaka leo kitu kikikwaruza bati, mikono yangu inanyooka yenyewe.

Niliajiriwa kupika chai na kufagia. Shule niliishia darasa la saba, lakini ndoto zangu hazikuenea kwenye nyumba yetu ya mtaa wa Waberi. Nilijiona nimevaa koti jeupe, watu wananipisha njia. Daktari, mtu wa kutoka Nairobi, alikuwa akichunguza homa iliyoua mbuzi na watu maji ya mafuriko yalipopungua. Siku moja alinikuta nazisoma karatasi zake kwa sauti.

"Unasoma nini, wewe?"

"Sijui. Lakini herufi ni nne tu. Mtihani huu hata mbuzi angepita."

"Bahati yako hamna P humo," akanitania, maana kwetu Wasomali P hutoka B. "Haya, kaa hapa."

Basi nikawa msomaji. Damu ilitolewa kwa mbuzi na kwa watu, ikapelekwa mbali, ikarudi ikiwa herufi. Mimi nasoma, yeye anaziandika kwenye kompyuta, nayo inalinganisha mstari kwa mstari. Akanieleza kwamba mwili una makufuli, na kirusi kina ufunguo. Ufunguo wa kirusi cha mbuzi unafungua mbuzi. Ikibadilika herufi moja, linabadilika jino moja la ufunguo, na huenda likakaa vizuri zaidi kwenye kufuli la mtu. Mashine ilikuwa ikipiga hesabu hiyo, kama jino litashika au litateleza. Ilimaliza siku nzima, feni yake ikivuma, sisi tukinywa chai.

Sikumwambia kwa nini nilikuwa na bidii hivyo.

Mdogo wangu, mtoto wa miaka sita, alikufa kwa homa hiyo. Mbuzi wetu mweusi alitupa mimba, nasi tukaendelea kumkamua. Aliyempa mtoto maziwa ni mimi. Nilikuwa nimekifukiza kibuyu kwa kaa la moto, nikalizungusha ndani mpaka moshi ukatoka mdomoni, kama bibi yetu, ayeeyo, alivyonifundisha. Kwetu kibuyu kilichofukizwa ni kisafi, na maziwa yake hayaharibiki upesi. Nikaamini moshi umemaliza kila kitu. Kuchemsha? Ayeeyo alisema ukiyachemsha maziwa, chuchu za mbuzi zinapasuka. Mtoto akanywa, akaota sharubu nyeupe, akanyoosha kikombe. "Abaayo, dada, ongeza." Nikaongeza.

Siku ya nne sikuwa na wa kumwongezea.

Hospitali walikuwa wamemtoa damu. Mbuzi naye alitolewa damu na watu wa mifugo siku moja kabla hatujamchinja. Kwa hiyo nilijua wote wawili wamo mahali fulani katika karatasi zile. Nikiwapata, wakilingana, nitajua kama ni mimi.

Siku printa iliponyamaza kabisa, daktari aliruka kwenye kiti. "Ona! Mbuzi wote wana A hapa. Watu hawa wana G. Jino lenyewe ndilo hili!"

"Na yule mtoto wa Waberi ni mstari upi hapo?"

"Mtoto gani?"

Nikamweleza yote: mbuzi, kibuyu, moshi, kikombe. Akavua miwani.

"Majina hayakuja, dada yangu. Ni namba tu. Na hata ningekuonyesha, herufi zinasema ufunguo ni upi. Hazisemi uliletwa na nani. Huenda ni maziwa. Huenda ni mbu, si waliona mvua wakajaa? Huenda ni damu, mlipomchinja."

"Kwa hiyo huenda si mimi."

"Huenda."

"Na huenda ni mimi."

Akaitazama chai yake mpaka ikaganda utando. Nilipokuwa nachukua kikombe akasema polepole, kama anayeomba radhi, "Chemsheni maziwa."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mashine iliyoweza kuona jino moja la kitu kisichoonekana, nilidhani itaniona na mimi.

Ayeeyo alikuwa amekwenda kwa jirani. Nikamkamua mbuzi mmoja aliyetubakia, nikaweka sufuria motoni. Maziwa yakapanda, nikayapuliza, yakapanda tena. Kibuyu nilikifukiza vilevile, kwa sababu mdogo wangu aliipenda ile harufu. Nikanywa kwa kikombe chake cha bati. Kisha nikaenda uani kwa yule mbuzi, nikapiga magoti, nikazipapasa chuchu zake, moja, halafu ya pili.