Mtawa Msemaji Katika Posa ya Jego

Kakangu Athumani alitaka kumwoa Mwanakombo, msichana wa kijiji cha Jego, na kwetu bwana harusi haendi mwenyewe kuposa. Akienda ataambiwa hana haya. Basi yeye akabaki Ukunda akizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, na mimi nikafuatana na Ami Juma, ndugu wa baba, ambaye ndiye msemaji wetu. Mimi nimemaliza kidato cha nne na bado niko nyumbani, kwa hiyo nikapewa kazi ya kubeba kapu la zawadi.

Asubuhi, Ukunda. Tulikodi gari la jirani. Ami alikuwa na kanzu mwilini tangu alfajiri, lakini akataka chai kwanza, kisha akaaga nyumba moja moja. Mimi nimekaa garini, kapu mapajani, nachemka.

"Ami, si twende?"

"Posa haikimbiliwi, Salimu. Na ukifika kule uchunge mdomo. Siku ya posa kila neno ni fumbo. Ukisema chai ina sukari nyingi, watauliza unamsema nani."

Nikacheka. Nilidhani anatia chumvi.

Msambweni tulisimama Ami amsalimie rafiki yake. Salamu zile zingeivisha maharage. Tulipopita Munje na kuingia Ramisi, miwa pande zote na hakuna cha kutazama, nikakumbuka hadithi alizokuwa akitusimulia mwalimu wetu wa Kiingereza, za Waingereza wa zama za watawa na mapanga. Nilizipenda kwa sababu zina ujanja. Anayehubiri ndiye mwenye kasoro, na bado mahubiri yake ni ya kweli. Unacheka, kisha unajiuliza unamcheka nani.

Lunga Lunga tukaiacha barabara kubwa, tukashika njia ya kuelekea baharini. Adhuhuri tulikuwa Jego.

Mzee Bakari, babake Mwanakombo, alitupokea vizuri sana. Tukaketi sebuleni, wanawake wakiwa nyuma ya pazia. Ami akasafisha koo. "Mzee, tumesikia hapa pana kisima cha maji baridi. Na kwetu kuna mtu ana kiu."

Ningekuwa mimi, ningejibu ndiyo au la. Mzee Bakari akaanza mawaidha. Akaeleza ndoa, akaeleza subira, akaeleza ulimi unavyovunja nyumba, kisha akarudi kwenye ndoa. Wali wa nazi tulikuwa tunausikia harufu tu. Mwisho akanigeukia.

"Na wewe kijana, shuleni ulisoma nini? Tupe nasi tufaidike."

Nikawapa hadithi ya mtawa. Uingereza ya kale, mtawa mmoja alitumwa vijijini kufundisha faida ya kunyamaza. Akahubiri asubuhi, akahubiri mchana, watu wakasinzia naye anahubiri. Njiani akirudi akakutana na mtu asiyemjua, akamhubiria naye. "Mfano ni mimi," akamwambia. "Miaka yote hii najua kikombe chetu cha fedha kimefichwa chini ya jiwe la jikoni, na sijamwambia mtu yeyote." Yule mtu alikuwa mwizi. Akamshukuru kwa mawaidha, akaondoka mbio.

Nilingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Ami alikuwa anaangalia mkeka.

"Juma," akasema Mzee Bakari polepole, "mmekuja kuposa, ama mmekuja kunisema?"

"Astaghfirullah, mzee! Huyu ni mtoto tu..."

Mara pazia likatoa kicheko. Kicheko cha msichana, kilichoshindwa kujizuia.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, baba. Nisamehe. Ila huyo mtawa namfananisha."

"Nyamaza wewe!" sauti ya mwanamke ikamkaripia. "Unaivunja harusi yako mwenyewe!"

Nikamwona moyoni Athumani kule uani Ukunda, hajui kitu. "Wallahi, baba," nikasema, "mimi nimekuona leo. Hadithi hii ni ya watu waliokufa zamani."

"Zamani gani?"

"Karne nyingi."

"Huko huko Uingereza?"

"Ndiyo, baba."

"Na wakanijua mimi, Bakari wa Jego?"

Sikujua nicheke au nilie. Mzee akazungusha tasbihi. Kisha akauliza, "Na kikombe, kiliibwa?"

"Kiliibwa."

"Mjinga yule mtawa. Lakini alilofundisha ni haki. Ulimi, kijana, ni mnyama wa kufungwa." Akaendelea na ulimi mpaka wali ulipoletwa.

Tulikula, tukaombewa dua, tukaaga. "Jibu mtalipata," akasema. Hakutabasamu.

Jioni, kurudi. Tulipofika Ramisi Ami akanigeukia. "Kakako akikosa mke, utamweleza wewe."

"Ami, sikumlenga mtu!"

"Mkuki ukiurusha juu hulengi mtu. Ukishuka, unachagua kichwa."

Nimelifikiria sana neno lile. Darasani tuliulizwa mtunzi anamkejeli nani, nikaandika mtawa, nikapata alama zangu. Kumbe swali hilo hajibu mtunzi, anajibu aliyeketi mbele yako na chakula bado hakijaja. Na Mzee Bakari alichomwa, lakini akauliza habari za kikombe, akaichukua haki hata ilipotoka kwa mjinga. Mimi ningechomwa vile ningesusa na kutoka nje.

Ijumaa, Ukunda. Siku zote hizo Athumani alikuwa hali chakula vizuri. Simu ya Ami ikalia: Mzee Bakari. Ami akaweka sauti kubwa, tukaizunguka. Mzee akasalimu, akamshukuru Mungu, akaeleza ndoa, akaeleza subira, akasema, "Ama kuhusu lile jambo lenu..." akaeleza ulimi. Simu ya Ami ikaishiwa moto, ikazima.

Athumani akashika kichwa. Ndipo simu yake ikalia: ujumbe kutoka kwa Mwanakombo. Akausoma, akanipa nami nisome:

"Baba amekubali tangu jana. Hajajua simu imekatika, bado anawaeleza ulimi."