Kitabu Nilichokifunika Gazeti

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, katika shirika moja la umma hapa Moshi lililokuwa likiwauzia wakulima pembejeo. Jina lake silitaji. Limeshakufa, na waliolila bado wanapishwa viti vya mbele kanisani. Chumba cha kompyuta kilikuwa na zulia na kiyoyozi, na Mkuu wa Kitengo aliamini kwamba vumbi nililokuja nalo kutoka Rombo lingeua mashine. Nikavua. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, kidole gumba kikachungulia nje. Wenzangu wanne wakajifanya hawakuona, isipokuwa mmoja aliyecheka mpaka akashika meza. Huyo alikuwa Elieshi, binti wa Old Moshi, na katika maisha yangu yote ya kazi sijakutana na mwandishi wa programu aliyemzidi.

Ninyi vijana mnaandika programu mkiwa mmelala kitandani. Sisi tuliandika kwa penseli. Kulikuwa na karatasi maalumu zenye safu themanini, kila herufi na kijumba chake, na lugha yetu ilikuwa COBOL, ambayo kila sentensi yake ilimalizika kwa nukta. Ukimaliza, karatasi zinakwenda kwa wachapaji, halafu zinapitishwa kwenye kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa lugha ya mashine. Majibu yalitoka kesho yake. Mara nyingi jibu lilikuwa orodha ndefu ya makosa, na makosa yote arobaini yalitokana na nukta moja uliyoisahau.

"Tarimo," Mkuu wa Kitengo aliniambia wiki ile ya kwanza, "mashine haina aibu wala huruma. Ukikosa nukta, watu mia tatu wanakosa mshahara, na wote nitawaonyesha nyumba unayolala."

Elieshi ndiye aliyenifundisha. Alikuwa akisimama nyuma ya kiti changu, penseli sikioni, anasoma juu ya bega langu bila kusema kitu, mpaka nifike mahali nilipokosea. Hapo anagusa karatasi kwa kidole. "Hapa." Basi. Hakuwahi kuniambia mjinga, na kusema kweli nilikuwa mjinga wa kutosha. Miaka miwili alisimama pale nyuma yangu, na kila nilichokuja kukijua baadaye kilianzia kwenye kidole kile.

Baadaye nilihamishiwa tawi la mji wa Mkuu, kule kwetu Rombo, nikaingize hesabu za ghala kwenye kompyuta ndogo ya mezani, ya kwanza kuonekana ofisini pale. Meneja wa Tawi aliifunika kitambaa cha kusuka na kuweka chombo cha maua juu yake. Nilikaa huko mwaka na nusu, na faida pekee niliyoipata ni kuwa karibu na kaka yangu, aliyekuwa akifanya biashara Tarakea, mpakani na Kenya. Mpaka ulikuwa umeanza kulegea. Kila kitu kilipita pale: sabuni, betri, nguo, na kwa kuwa nilimsumbua, vitabu pia. Vitabu vya kompyuta Moshi havikuwepo. Kaka alinitafutia Nairobi kwa watu wake, akinilalamikia kwamba anabeba mawe.

Niliporudi Moshi, upepo ulikuwa umebadilika. Alikuja Meneja Mkuu mpya, mtu wa tai na maneno mafupi, akatukusanya kantini.

"Shirika lazima lijiendeshe," alisema. "Kitengo cha Kompyuta kina waandishi watano. Nahitaji wawili. Sitaki kuambiwa nimependelea, kwa hiyo mtafanya mtihani wa cheti wa bodi ya nje. Atakayefaulu atabaki."

Mtihani ulikuwa miezi mitano mbele. Wenzangu wakakubaliana kwamba mimi ndiye nitakayechagua kitabu cha mwongozo, kwa sababu nilikuwa na kaka Tarakea na nilijulikana kwa kupekua vitabu kama mtu anayenunua ng'ombe. Mkuu wa Kitengo akaandika barua, ofisi ikatoa idhini ya nakala tano.

Niwaeleze namna mwongozo unavyochaguliwa, maana hili nalijua kuliko lolote. Wengi hutazama unene, wakidhani kitabu kinene kimesema yote. Wengine hufungua nyuma kuangalia kama kuna majibu. Vilipoanza kuja vitabu vya mitumba pale soko la Kiboriloni, watu walichagua kilicho safi, na kilicho safi ni kile ambacho mwenzako alikinunua akashindwa kukisoma. Mimi nilikuwa nikiweka muhtasari wa mtihani kushoto, yaani karatasi ya bodi inayotaja mambo yatakayotahiniwa, na kulia naweka ukurasa wa yaliyomo. Napita mstari kwa mstari. Kisha natazama mwaka wa toleo. Kisha nachukua swali moja lililowahi kunishinda na kusoma jinsi mwandishi anavyolieleza. Akinieleza nikaelewa, ni kitabu. Akinipa jibu tu, namrudishia mwenye duka.

Nilichagua hivyo. Kitabu kililingana na muhtasari wetu kila mstari, nakala tano zikaja, na kila siku saa tisa baada ya kazi tulikaa pamoja tukisoma. Elieshi alikuwa mbele ya wote. Sura moja iliyonichukua wiki, yeye alinielezea kwa dakika kumi huku akimenya chungwa.

Mwezi wa pili kaka aliniletea kitabu kingine ambacho sikukiagiza. Muuzaji alimwambia hiki ndicho kipya, na nakala ilikuwa moja tu. Nilikifungua nikiwa nimekaa kihambani kwetu, shamba la ukoo, chini ya migomba. Utangulizi wake ulisema wazi: bodi imebadilisha muhtasari. Sehemu nzima ya mafaili ya kanda, yaani taarifa zilizohifadhiwa kwenye utepe wa sumaku, imeondolewa, na mahali pake pamewekwa hifadhidata, yaani namna ya kupanga taarifa ili jambo liandikwe mara moja na kuonekana kila linapohitajika. Robo ya mtihani. Muhtasari wetu ulikuwa ule Mkuu wa Kitengo aliouagiza kwa posta miaka miwili nyuma. Kitabu nilichowachagulia wenzangu kililingana kabisa na mtihani ambao haupo tena.

Nilikuwa na wake wa kaka zangu wakinitazama kama mtu aliyefika mjini, nilikuwa na watoto wanne, na kihamba kilikuwa kimegawanywa mpaka pakabaki pa kuzikana. Nafasi zilikuwa mbili na sisi tulikuwa watano. Haya nimejieleza miaka mingi, na hakuna hata moja linalotosha. Nilichukua gazeti nikakifunika kitabu kile, mgongo na majalada yote mawili, nikakiweka chini ya godoro.

Mchana wa saa tisa niliendelea kukaa na wenzangu tukisoma kile cha zamani. Nyumbani nilisoma kipya. Hivyo miezi mitatu.

Siku moja Elieshi alinisimamisha mlangoni. Nakala yake ilikuwa imejaa alama za penseli.

"Tarimo, una uhakika hiki ndicho? Jana nimekutana na mtu wa Arusha, anaongea mambo ya hifadhidata. Humu hamna."

"Ndicho," nilimwambia. "Wa Arusha wanapenda kujisikia. Wewe soma."

"Haya. Wewe ndiye mwenye macho ya vitabu."

Akaenda kusoma. Nasema wazi kwamba kama angenitilia shaka, kama angenitazama mara ya pili, pengine ningemwambia. Hakunitazama mara ya pili, kwa kuwa aliniamini, na mimi nilishukuru kwamba aliniamini.

Tulipotoka kwenye mtihani Elieshi alikuwa amekaa kwenye ngazi, uso umempauka. "Kuna sehemu nzima sijawahi kuiona," alisema. "Nimeisoma mara nne, sijaelewa hata wanachouliza." Nikamwambia na mimi imenisumbua.

Matokeo yalikuja na bahasha moja yenye cheti, nayo ilikuwa yangu. Wa pili aliyebaki alikuwa mmoja wetu watano, mpwa wa Meneja Utumishi, ambaye hata chumba cha mtihani hakuingia. Alisema ana malaria, na malaria ikampa kazi. Kwa hiyo nafasi haikuwa mbili, ilikuwa moja tangu mwanzo, na sisi wengine tulichezeshwa kama watoto. Elieshi alipewa barua ya kupunguzwa kazi. Siku ya mwisho alinipa mkono.

"Hongera," alisema. "Wewe una kichwa. Mimi nilidhani ninacho."

Nikaupokea ule mkono.

Mnataka kujua cheti kilinifaa nini? Nilifanywa Mkuu wa Kitengo, cheo kikubwa cha kuongoza mpwa wa mtu. Miaka mitatu baadaye shirika likauzwa. Mwekezaji alileta programu zilizokwisha kutengenezwa kwao, zimejaa kwenye kasha la diski. Mashine yetu ilitolewa kwa mlango wa nyuma na wapagazi wanne, waliovaa viatu. Meneja mpya alikisoma cheti changu, akanirudishia na kusema, "Kizuri, mzee. Kiweke."

Kisha nikafundisha katika chuo kimoja cha binafsi pale mjini, mpaka nilipostaafu. Vyuo vya kompyuta vilikuwa vimeota kila ghorofa. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuchagulia wanafunzi miongozo, na nilikuwa mkali kupita kiasi. Kila muhula niliandika kwa bodi kuulizia muhtasari mpya. Wanafunzi waliniita Mzee Toleo. Mkuu wa Chuo alitaka nigawe vitini vya maswali yaliyopita na majibu yake, wakariri.

"Mwalimu," aliniambia, "wazazi wanalipia cheti. Hakuna mzazi aliyekuja hapa kulipia kuelewa."

Nilibishana naye miaka kumi na zaidi. Watu walidhani napenda sana elimu.

Baada ya kustaafu, nilikwenda Kiboriloni kutafuta ndizi za mtori. Mwanamke aliyekaa nyuma ya mikungu aliniita kabla sijamtambua.

"Tarimo! Umekuwa meku, mzee kabisa, nywele zote zimekwisha. Soksi ulishashona?"

Alicheka vilevile. Msichana aliyekuwa akipanga ndizi akainuka kuniamkia. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu ni Upendo, wa mwisho," Elieshi alisema. "Mungu kakuleta. Anataka kufanya mtihani wa programu. Namwambia kwetu hatuna kichwa cha mambo hayo, mimi mwenyewe yalinishinda. Anakataa. Basi mchagulie kitabu, wewe ndiye mwenye macho."

Upendo alikuwa ameitwa na mteja upande wa pili. Nikamwambia Elieshi yote: kitabu cha pili, gazeti, godoro, na siku ile mlangoni. Nilisema haraka, kama mtu anayetapika. Alikuwa ameshika kisu cha kukatia mikungu, akakiweka chini taratibu.

"Kumbe hakikuwa kichwa changu," alisema.

"Hakikuwa."

"Miaka yote hii, Tarimo. Niligoma hata kujaza fomu za benki. Nilikuwa nawapa watoto wanijazie."

Nikamwambia nisamehe. Aligeuka akaita, "Upendo! Njoo hapa." Msichana alipofika akamwambia, "Msikilize mjomba. Rudia, Tarimo. Yote, kama ulivyoniambia."

Nikarudia, mbele ya mtoto, katikati ya soko, watu wakipita na magunia. Upendo alinitazama bila kupepesa macho.

"Umesikia?" mama yake alimuuliza. "Kichwa unacho, na mimi nilikuwa nacho. Sasa kitabu usikipokee mkononi mwa huyu. Akuonyeshe tu kinavyochaguliwa, ukachague mwenyewe."

Nikachuchumaa kati ya mikungu, nikachana kipande cha boksi. Nikamchorea: muhtasari kushoto, yaliyomo kulia, mwaka wa toleo juu. Elieshi alikuja akasimama nyuma yangu, akasoma juu ya bega langu bila kusema kitu. Nilipofika mahali pa anwani ya bodi ya kuulizia muhtasari mpya, nikaparuka bila kuandika.

Kidole chake kikagusa boksi. "Hapa," alisema. "Andika na hapa."