Siku Ambayo Baba Hakuwa Nayo

Baba yangu hakujua kudanganya, na jambo hilo lilitutia aibu nyumbani kwa miaka mingi. Ukimwuliza habari za asubuhi, hakukimbilia "salama" kama watu wengine. Alinyamaza kwanza, akajipima, ndipo akajibu: "Salama, ila goti la kushoto." Akija mgeni tusiyemtaka, tukamwashiria aseme Mama hayupo, yeye alitoka mlangoni akasema, "Yupo, ila amechoka na wewe." Mama alikuwa akijishika kichwa. "Huyu mwanamume atanimaliza," alisema, huku anacheka.

Tulikaa milimani, juu ya stesheni ya Munisagara, mahali ambapo uliona moshi wa treni kabla hujasikia mlio wake. Kanisa letu lilikuwa la udongo na nyasi, na Baba ndiye aliyelitunza. Alilifagia, akaziba matundu ya panya, na Jumapili akawaamsha watu kwa kugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Hakuwa mwinjilisti wala mzee wa kanisa. Kusali alisali kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na jirani wa shamba la pili.

Mama alifariki mwaka uliofuata Uhuru, nikiwa na miaka kumi. Siku ya maziko Baba hakuuachia mkono wangu tangu asubuhi mpaka usingizi uliponichukua, na nilipoamka alfajiri alikuwa bado ameushika. Alinawa kwa mkono mmoja, akala kwa mkono mmoja, akatupa udongo kaburini kwa mkono mmoja. Hata alipokwenda msalani aliniweka nje, akawa ananiongelesha kutoka ndani ili nijue yupo. Siku ile naikumbuka yote, na ingekuwa heri kwangu kama ningeisahau.

Nilisoma, nikawa mwalimu, nikapangiwa Mikumi. Barabara kuu ilikuwa bado inanuka lami mpya na malori ya Zambia yalipita usiku na mchana. Niliokokea pale, uani kwa mama mmoja aliyewauzia madereva chai na maandazi. Kila Alhamisi jioni alifunika masufuria yake, akatandika mikeka, na sisi tuliookoka tukakutana kuimba na kusoma Neno. Mafundisho yetu yalikuwa machache na ya wazi. Wote tumetenda dhambi. Hakuna jema lolote unaloweza kulifanya likakuokoa, hata ufagie kanisa miaka mia. Yesu alikufa mahali petu, na damu yake inatosha. Ukiamini na kukiri kwa kinywa chako, unazaliwa mara ya pili, tena unakuwa na uhakika. Nayaamini hayo mpaka leo. Nalisema hili mapema, maana wajukuu wangu wakinisikia nikisimulia habari za Baba hudhani bibi yao amerudi nyuma. Sijarudi nyuma popote.

Ila sisi wa pale uani tulikuwa na utaratibu wetu wa kutoa ushuhuda. Ulianza na maisha yako ya gizani, ukaja kwenye siku uliyookoka, ukamaliza na ulivyo sasa. Hiyo siku ndiyo ilikuwa kila kitu. Ulitakiwa uitaje, na mahali useme, na kilichotokea moyoni ukieleze. Ya kwangu niliiandika ukurasa wa kwanza wa Biblia, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari. Mtu asiye na siku tulimwita "ndugu anayetafuta," tukamwombea. Loo, tulivyokuwa tunawahurumia watu!

Ulipofika mwaka wa Operesheni, serikali ilipowahamishia watu vijijini, Baba na majirani wote waliteremshwa bondeni, wakapangwa kwa mistari kando ya reli. Kanisa likabaki kule juu peke yake. Mwaka uleule alikuja Mikumi kunitembelea, kabeba maharage na kuku aliyefungwa miguu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?" Alipenda kuniita mama. "Basi limetutesa, ila tumefika."

Alhamisi nikampeleka uani. Nilimpeleka kwa fahari, naapa, kwa maana niliona watafurahi kumwona mzee aliyetunza kanisa miaka yote hiyo. Kiongozi wetu akamkaribisha vizuri, kisha akamwuliza, "Mzee wetu, umeokoka?"

"Nampenda Yesu," Baba akasema.

"Amina! Ni lini hiyo, Mzee? Tushirikishe."

Baba akajipima kama kawaida yake. Nilijua kinachokuja.

"Siku siikumbuki," akasema. "Nilizaliwa nikamkuta nyumbani. Mama yangu alikuwa akiongea naye akitwanga."

Mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Bwana amfungue macho," na wengine wakaitikia amina ile ya kusikitika. Nilitamani ardhi ipasuke. Leo nikilikumbuka jibu lile naona lilizidi shuhuda zetu zote pale mkekani, lakini wakati ule niliona aibu tupu. Kesho yake nikamsindikiza kwenye basi bila kumtazama usoni.

Nikaanza kumwandikia barua. Neno moja kila barua: Baba, tafuta siku yako. Baba, siku ya mwisho tutatenganishwa. Jamani, niliandika hivyo, kwa mkono huu, kwa mzee aliyekuwa akisomewa barua na mtoto wa jirani.

Kisha nikapata mchumba, naye mlokole, karani wa reli. Harusi ikapangwa ifanyike Kilosa. Nikaenda bondeni kumpa Baba taarifa, nikamkuta mlangoni anapukuchua mahindi. Nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikamweleza tarehe na mipango yote, halafu nikatoa lile nililokuja nalo. Nikamwambia siwezi kuongozwa kanisani na mtu asiye na uhakika wa wokovu wake. Atakayenishika mkono ni kiongozi wetu wa Mikumi.

Baba aliendelea kupukuchua. "Na mimi nitakuwa wapi?"

"Utakaa benchi la wazazi, Baba."

"Lile la mbele?"

"La mbele."

Akamaliza gunzi alilokuwa nalo, akachukua jingine, akalishika tu. "Mtu akiwa na siku, mama, inatosha?"

"Inatosha, Baba," nikajibu upesi, tena kwa furaha, nikidhani Roho anamgusa. Mjinga mimi! Baba alikuwa ananiuliza bei, nami nikamtajia.

Wiki mbili kabla ya harusi kulikuwa na mkutano mkubwa wa walokole Kilosa. Watu walitoka Kimamba, Mikumi, na vijiji vya juu. Mchana wa Jumamosi, wakati wa shuhuda, nikamwona Baba anasimama. Sikujua hata kwamba amekuja. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la Krismasi, na kofia ameishika kifuani kwa mikono miwili.

Hakusema kwa lugha ya nyumbani. Alisema kwa Kiswahili, tena kile chetu cha uani, maneno aliyoyasikia Alhamisi ile moja tu. Alisema alikuwa gizani. Alisema siku ya kumzika mke wake aliondoka peke yake, akaenda chini ya mpera, akapiga magoti, akalia. Akasikia sauti ikimwita kwa jina, na mzigo ukadondoka. "Tangu siku hiyo," akasema, "nina uhakika." Alikuwa ananitazama mimi, wala si mkutano.

Watu walilipuka kwa wimbo. Wanawake waliruka, wengine wakamkimbilia kumkumbatia. Nami nilijua. Haikunichukua hata dakika moja, nilijua kabla hajafika kwenye mpera. Siku ya kumzika Mama hakwenda popote peke yake, hata msalani. Baba yangu alikuwa amesimama mbele ya mkutano wa Mungu akasema uongo wa kwanza maishani mwake, na aliusema vibaya, kama mtoto anayesoma kwa kukariri. Ningeweza kumshika mkono tukatoka nje. Ningeweza kumwambia, Baba, yatosha, utaniongoza wewe, hata usiwe na siku. Badala yake niliimba. Niliimba kwa nguvu kuliko wote, nikamkumbatia, nikamwita ndugu katika Bwana.

Akaniongoza kanisani kwa koti la kuazima lililomzidi mabega. Alitembea polepole ili isiishe haraka, hilo nililisikia mkononi. Ulipofika wakati wa Meza ya Bwana, watu wakatoka benchi kwa benchi kwenda kupokea. Nilipogeuka kutoka mbele nikamwona Baba amekaa palepale, peke yake kwenye benchi zima, ameinamisha kichwa. Nikajiambia ni lile goti.

Pasaka hakutoka tena kwenda kupokea, na haikuwa goti. Wala Krismasi. Majirani wakaniambia kwamba bondeni walipata kibanda cha kusalia, na Baba ndiye anayekifagia kama zamani, lakini Mchungaji akija na mkate na kikombe, Baba hasogei. Wakimwuliza, anasema, "Nina jambo." Mtu ambaye tangu ujana wake hakukosa Meza hata mara moja!

Ilikwenda hivyo miaka mitatu. Sikumwuliza. Nilikwenda kumsalimu, nikampelekea sukari ilipopatikana, tukaongea mvua na mihogo. Kila Alhamisi, uani kwa mama wa maandazi, nilikuwa nahubiri kwamba anayetubu anasamehewa papo hapo, hakuna foleni. Baba angeweza kutubu, nilisema moyoni, nani amemzuia? Lakini nilijua vizuri anayemzuia. Baba hakuweza kusema nusu ya jambo. Kama angesimama akasema nilidanganya, angeulizwa kwa nini, na angejibu. Na mimi wakati ule nilikuwa katibu wa wamama waliookoka, mwalimu, mke wa mtu, nikipigiwa mfano. Watu wangesema huyu alimlazimisha baba yake kudanganya ili apate harusi ya kilokole. Na wangekuwa wanasema kweli.

Neno moja langu lingemfungua. Nilijua ni neno gani, nikalibeba kwenda na kurudi, Mikumi na bondeni, likachakaa mdomoni bila kutoka.

Kifua kikamshika wakati wa masika. Nilipata ruhusa shuleni, nikaenda kumwuguza. Wiki ileile aliyofariki, Mchungaji akashuka kwa treni ya asubuhi kuja kuwapa wagonjwa Meza ya Bwana, na nyumba ya Baba ilikuwa ya mwisho kabla ya kurudi stesheni. Akatandika kitambaa cheupe juu ya kigoda, akapanga kisahani na kikombe. Baba alikuwa ameegemea mito, pumzi fupi, lakini akili zake zote zipo.

"Mzee, uko tayari kupokea?"

"Siko tayari, Mchungaji."

"Kuna jambo?"

"Lipo."

"Basi liseme. Mungu anasamehe, wewe unajua kuliko mimi."

Baba akanitazama. Hakunitazama kwa kunilaumu, afadhali angenilaumu. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mwenzake aliyeshika upande wa pili wa mzigo, akingoja wainue pamoja. "Nataka kulisema," akasema. "Lakini si langu peke yangu."

Mchungaji akanigeukia. Alikuwa kijana mpole, mgeni katika wilaya, hakujua lolote. "Mwalimu, wewe unafahamu ni jambo gani linamsumbua Mzee?"

Hapakuwa na mkutano pale. Hapakuwa na walokole wa Mikumi, wala mume wangu, wala wamama wangu. Tulikuwa watatu chumbani, na kuku mlangoni. Neno lilikuwa pale pale mdomoni.

"Sijui, Mchungaji," nikasema.

Nikasikia pumzi ya Baba ikienda na kurudi. Mchungaji aliendelea kunitazama kidogo, nadhani aliona kitu usoni pangu, akafungua kinywa aniulize tena.

"Hajui," Baba akasema. "Mwache mtoto. Hajui kitu."

Huo ndio uongo wake wa pili, na wa mwisho.

Mchungaji akamwombea, akampaka mafuta kwenye paji la uso. Mkate ulikuwa umeshamegwa, kikombe kimeshamiminwa, na treni haingojei mtu. Akaniambia, kwa upole kabisa, basi nipokee mimi. Ningeweza kukataa. Nilipiga magoti kando ya kitanda, bega langu likigusa blanketi la Baba, nikanyoosha mikono, nikala, nikanywa. Sauti ya kuitikia ilinikataa, na Baba akaniitikia. "Amina," akasema, na mkono wake ukanishika kichwani.